Mwanamke Niliyemtunga

Mimi na mke wangu tulikutana kwenye benchi la kliniki ya dawa, hapahapa Ifakara, na sioni aibu kulisema. Wengine hukutana kanisani, wengine kwenye harusi za watu. Sisi tulikutana tukisubiri kuitwa namba. Yeye alikuwa mjane, mume wake wa kwanza alishazikwa. Mimi nilikuwa nimeachwa, tena nimeachwa wiki ileile majibu yangu yalipojulikana nyumbani. Siku ile tulianza kwa kulaumu foleni, tukaja kulaumu na mambo mengine, na tarehe iliyofuata kila mmoja akamwekea mwenzake nafasi. Baada ya mwaka nikaenda Chita kwa dada yake kujitambulisha.

Alinikubali kwa sharti moja, na alilitamka mbele ya dada yake: anataka mtoto. Mume wa kwanza alikufa hawajapata. Nesi alishatueleza kwamba mtu akimeza dawa vizuri, virusi vikafubaa mpaka visionekane kwenye kipimo, anaweza kuzaa na mtoto akawa mzima. Mke wangu alilishika neno lile kwa mikono miwili. Tukawa tunameza dawa pamoja kila jioni taarifa ya habari ikianza redioni, yeye na kikombe chake, mimi na changu. Majibu yake yalirudi mapema: havionekani. Yangu yalichelewa sana, maana mimi nilianza dawa nikiwa nimeshakwisha, nimebaki macho na mifupa, ndugu zangu wameshaanza kuulizana nani atakwenda kuwaambia watu wa kwetu Mahenge kwamba nimekufa. Siku majibu yangu nayo yaliposema havionekani, mke wangu alilia palepale dirishani pa dawa. Tulinunua soda mbili tukanywa tumesimama nje ya geti, tunacheka kama wajinga.

Ruhusa ikawa imepatikana, na mwili wangu ukakataa.

Nisizunguke. Mimi ni mtu wa hasira na sipendi watu wanaozunguka. Uanaume wangu ulikwisha. Kwanza zilipotea zile asubuhi ambazo mwanaume anaamka mwenyewe bila kuitwa. Nikasema ni uchovu. Halafu ikawa hata nikijitahidi, hakuna. Halafu, na hili ndilo lililonitisha, hata hamu yenyewe ikaondoka. Mke wangu alikuwa anaoga, anapita mbele yangu na khanga moja, na mimi nafikiria mbolea.

Mtu anisikie vizuri: niliwahi kuwa mpakizi wa magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Gunia la kilo mia nilikuwa najitwika mgongoni nikapanda nalo ubao mpaka juu ya lori, huku naimba. Sasa nilikuwa nakula vizuri, virusi havionekani, uso umejaa, kila mtu ananiambia umependeza mzee, na ndoo ya maji inanishinda. Mikono ilisinyaa, tumbo likatoka. Kifuani pakavimba na kuuma kama binti anayevunja ungo, nikaanza kuvaa mashati mawili kwenye joto la Ifakara. Kinyozi wangu aliniuliza kama nimehamia kwa mwenzake, kwa sababu ndevu za kunyoa hakuziona tena. Nilimtukana. Nilitoka pale nikalia njiani, mtu mzima, nimeshikilia baiskeli. Siku hizo nilikuwa nalia ovyo. Nikisikia kwaya ya watoto redioni, machozi.

Kliniki je? Kliniki nilikuwa nakwenda bila kukosa. Nilikuwa naulizwa: baba, unameza dawa kila siku? Unakohoa? Unatoka jasho? Jasho nilikuwa natoka, lakini nilijua ukisema jasho wanakupima kifua kikuu, na kifua kikuu sina. Basi nasema hapana. Nesi anaandika, ananipongeza. Mbele yangu mama, nyuma yangu mama, nesi mwenyewe umri wa mwanangu kama ningekuwa naye. Niseme nini? Ningekufa kwanza.

Mke wangu alikuwa na subira, na subira yake ilinichoma kuliko matusi. Mwezi wa kwanza alisema, "Umechoka, mume wangu, lala." Mwezi wa tatu nikaanza kukuta karanga mbichi na vipande vya muhogo mbichi kwenye sahani, na nazi pembeni, bila maneno. Kila mtu nchi hii anajua vitu hivyo ni vya nini. Nilivitafuna kwa hasira mpaka taya zikauma. Mwezi wa tano akaacha kuviweka. Na umri wake ulikuwa unakwenda. Alishapita thelathini na nane. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Ila nilimwona siku moja amesimama mtaa wa Lipangalala kwenye duka la nguo za watoto, hanunui, anashika tu kitambaa kwa vidole viwili, na muuzaji anamwangalia.

Ndipo nikaanza safari za kijiji cha Mbingu. Kule palikuwa na mzee wa dawa za mizizi, watu walikuwa wanamsifu kwa chinichini. Kila Jumamosi nilipanda gari la Mlimba, nikashuka Mbingu, nikakaa kwenye kigoda chake nikanywa vitu vichungu vya rangi ya matope. Mke wangu nilimwambia nakwenda kuangalia shamba la kukodi. Nilikwenda Jumamosi kumi na moja. Hakuna kilichosimama isipokuwa nywele za kichwani siku moja aliponipa kitu cha kunusa. Cheka tu, na mimi nimeshacheka.

Watu wa Ifakara tuna maisha mawili, ya mjini na ya shamba. Mvua zikikolea tunahamia bondeni, kila familia inakaa kwenye dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, tunaamia ndege mpaka mpunga ukauke. Kule hakuna siri. Dungu na dungu yanatazamana, mtu akikohoa jirani anampa pole. Jirani zetu walijua kwamba mimi na mke wangu tunalala kama kaka na dada. Walijua pia safari zangu za Jumamosi. Kuunganisha hayo mawili hakukuhitaji shule.

Jirani yetu wa upande wa mto alikuwa Mngoni. Mimi ni Mpogoro, kwa hiyo ni watani, na mtani hana mpaka. Mtani anaweza kukuzuilia jeneza la mama yako njiani mpaka umpe kitu, na wewe unacheka huku unalia. Ukikasirika umekosea wewe. Akikutania, unachoruhusiwa ni kumjibu kwa kubwa zaidi, wala si kwa kujitetea. Anayejitetea kwa mtani ameshakubali kosa.

Ilikuwa siku ya kupiga mpunga wetu. Watu walikuja kusaidiana kama ilivyo kawaida, zamu yetu leo, zamu yao kesho. Wanaume wanashika miganda wanaipiga kwenye gogo juu ya turubai, punje zinaruka. Wanawake wanapepeta upande ambao upepo unatoka. Nilipiga miganda kama kumi hivi. Miguu ikalegea, jasho likanimwagika hadi kwenye macho, nikaketi chini. Nikaketi mahali ambapo nilikuta nafasi, katikati ya wanawake, karibu na mke wangu na ungo wake.

Mtani wangu akaona. Angeachaje?

"Jamani, mtani wangu kaketi jikoni!" akapaza sauti. "Mtani, hizo nguvu unazimalizia wapi? Kila Jumamosi gari la Mlimba linakubeba mzima, linakurudisha maganda. Sisi tumeshaambiwa. Yuko mama muuza pombe kule Mbingu, ndiye anayekufyonza!"

Watu wakaangua kicheko. Wote wakanigeukia, wanasubiri jibu langu.

Nilikuwa na majibu mia. Ningeweza kumwambia nguvu zangu amezila mama mkwe wake. Ningeweza kumwambia Wangoni walikuja bondeni kuteka ng'ombe wakaishia kuteka usingizi. Watu wangecheka, mpunga ungeendelea. Lakini nikahisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi siku nyingi. Wanaume pale walikuwa wananitazama kwa wivu. Wivu, mimi! Mtani wangu bila kujua alikuwa amenipa blanketi wakati niko uchi mbele za watu, na mimi nikalivuta lote.

"Umechelewa kupata habari, mtani," nikamwambia. "Mama huyo ana mimba yangu ya miezi mitano."

Loo, kelele zilizolipuka pale! Mmoja aliutupa mganda juu. Mtani wangu alikuja akanipa mkono, akasema amenyoosha mikono, ameshindwa. Mimi nacheka. Nilipogeuza uso nikaona ungo wa mke wangu umesimama hewani. Haukushuka, haukupanda. Punje zilikuwa zinaporomoka taratibu ukingoni na yeye hazioni.

Jioni ile, juu ya dungu, aliniuliza mara moja tu. Alinitengea ugali na perege, akakaa mbali kidogo, akasema, "Mume wangu, lile la mchana ni utani?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu. Neno moja lingetosha. Lakini neno "utani" lilikuwa linavuta la pili, na la pili lilikuwa hili: basi kama hakuna mwanamke, una nini wewe? Swali hilo sikuliweza. Nilipendelea mke wangu aniite mhuni kuliko ajue kwamba ameolewa na kitu ambacho sicho. Nikameza tonge, nikamwambia, "Wanaume ndivyo tulivyo."

Redio ilikuwa inaanza taarifa ya habari. Akatoa kidonge chake akakimeza peke yake, bila kunisubiri.

Alimaliza kuvuna, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwanamke mwingine angeondoka kesho yake, mpunga uoze. Yeye alipepeta mpaka punje ya mwisho, akashona magunia, akasafirisha na mimi mpaka nyumbani, akafagia uwanja. Kisha akachukua nguo zake, kopo lake la dawa na kadi yake ya kliniki, akaniambia anakwenda kwa dada yake Chita na atahamishia dawa kulekule. "Kalee mtoto wako," akasema. Hakuwa na hasira usoni. Nilisimama mlangoni kama gogo.

Na nitakiri na hili, kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimeandika uongo mwingine. Miezi ya kwanza nilifaidi. Wanaume waliniamkia kwa heshima mpya. Huko vijiweni waliniita dume, wakaninunulia bia ambazo sikuwa na hamu nazo. Nilitembea kifua mbele, na kifua chenyewe kimevimba kama nilivyosema. Ndugu mmoja alinivuta pembeni akanionya niwe mwangalifu, mtu wa hali yangu asigawe maradhi. Hata onyo hilo lilinifurahisha. Mwanamke wa Mbingu nilimpa rangi, nikampa urefu, nikampa mwanya. Watu wakiniuliza mtoto, nasema hajambo, anakua.

Upande wa pili nilikuwa nazidi kuoza. Shamba la mwaka uliofuata sikulilima, nililikodisha. Nyumba ilinuka upweke na mafuta ya taa, kwa sababu hata kwenda kubadilisha balbu niliona mzigo. Nilimeza dawa, hilo sikuacha, wala sijui kwa nini sikuacha.

Siku moja kliniki tukakuta daktari kijana, mgeni. Alinisalimu shikamoo mzee, akaangalia faili, akafunga mlango. Nesi alikuwa nje. Akaniuliza, "Mzee, ukiacha virusi, mwili wenyewe unaendeleaje? Nguvu? Mambo ya nyumbani?" Ndivyo alivyouliza, kama anauliza bei ya vitunguu. Nilikuwa nimekuja na hapana zangu zote tayari mdomoni. Badala yake nikalia. Nililia mpaka akanisogezea karatasi ya kufungia vidonge nijifutie.

Nilimwambia yote isipokuwa mwanamke wa Mbingu. Alichukua damu, akasema kipimo hicho hapa hakifanyiki, kinapelekwa mbali. Majibu yalikaa wiki nyingi. Yaliporudi alinionyesha karatasi, akaweka kalamu kwenye mstari mmoja. Kuna homoni ya kiume, akasema, inaitwa testosteroni. Ndiyo inayoleta hamu, ndevu, misuli, hata furaha. Yako iko chini sana. Inawatokea wanaume wengi wanaoishi na virusi, hasa waliougua sana kabla ya kuanza dawa. Wengi hawasemi, na sisi hatuulizi. Si uchawi, mzee, wala si uzee, wala hujafanya kosa.

"Kuna dawa?" nikamuuliza.

Akairudisha kalamu mfukoni. Sindano zipo, akasema, lakini hazimo kwenye dawa zinazotolewa hapa. Inabidi umwone bingwa Dar es Salaam, na upimwe mara kwa mara. Halafu akaniuliza kama bado tunatafuta mtoto. Nikasema mke wangu anatafuta. Akakuna kichwa. Akasema sindano hizo zinaweza kurudisha nguvu lakini zikakausha mbegu, kwa hiyo anayetaka mtoto anatafutiwa njia nyingine, ngumu zaidi, na hata hiyo hawezi kuniahidi. Aliongea kwa upole sana. Nilimshukuru. Nilitoka na karatasi yangu, nikakaa kwenye benchi nje, nikawa nasoma jina la ugonjwa wangu kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe kaburini.

Siku tatu baadaye nilipanda gari la Mlimba. Lilisimama Mbingu, watu wakashuka, mimi nikaangalia chini mpaka likaondoka. Nilishuka Chita kabla ya saa sita.

Mke wangu alikuwa uani kwa dada yake, anageuza mpunga juani kwa miguu, anavuta mistari kwenye turubai. Alikuwa amekonda. Kichwani palikuwa na mvi ambazo sikuziacha. Dada yake aliniitikia salamu kama anatema, akaingia ndani. Nikasimama ukingoni mwa turubai, kofia mkononi.

Kabla sijamwambia neno akaniuliza, "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Nani?"

"Mtoto. Mtoto wako."

Nikamwambia hakuna mtoto. Nikamwambia hakuna mwanamke, hajawahi kuwepo, Mbingu nilikwenda kunywa mizizi. Maneno yalinitoka hovyo hovyo. Akaniangalia kwa dharau ambayo sijawahi kuiona kwake. "Yaani unamkana mpaka mtoto?" akasema. Ndipo nikatoa karatasi. Aliishika kwa mikono yenye vumbi la mpunga, akasoma polepole, midomo ikicheza. Nikamweleza mstari ule, kama daktari alivyonieleza. Nikamweleza jioni ile ya kwenye dungu na kwa nini sikusema. Nilisema kila kitu, hata habari za bia.

Aliniamini. Nilikuja nikiomba aniamini, na aliponiamini akaketi palepale juu ya mpunga.

"Ungeniambia ningelia nikamaliza," akasema. "Mtoto nilimtaka, ndiyo. Lakini mtu akiwa mgonjwa anaachwaje? Mimi na wewe tulikutana wapi?"

Nikataka kumshika bega. Akausukuma mkono wangu, si kwa hasira, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike.

"Nilimwombea afe," akasema.

Sikumwelewa. Nikamwuliza nani.

"Mtoto wa yule mwanamke. Nilikuwa napiga magoti kanisani, kila Jumapili, naomba achukuliwe kabla hajatambaa. Nikimeza dawa naomba. Nikipika naomba. Mwaka mzima, mimi, niliyekuwa natamani mtoto. Halafu mtu wa gari akaja na habari kuwa kule Mbingu kichanga kimefariki kwa homa, cha mama mmoja muuza pombe, nikajua ndiye. Sikula. Dada yangu alinipeleka kwa padri akinishika mkono, nikaungama kwamba nimeua mtoto kwa mdomo wangu. Mpaka leo nafanya kitubio. Nikiona mtu amebeba mtoto mgongoni, navuka barabara."

Kuku waliingia kwenye turubai, wakawa wanadonoa, na hakuna aliyewafukuza. Nikasema nisamehe. Nadhani nilisema mara nyingi. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaikunja karatasi yangu, nne, nane, mpaka ikawa haikunjiki tena, kisha akainua macho.

"Sasa nikamwambie nini padri?" akaniuliza.

Alikuwa ananiuliza kweli, anataka jibu. Gari la kurudi Ifakara lilipita saa nane, nikapanda.